Kwa mwanangu wa Mwanjelwa, uliyeweka maiki chini ukajifunga kitenge

Mwanangu, ugonile.

Naandika hapa hadharani kwasababu WhatsApp umeniachia tiki mbili za bluu tangu mwezi wa tatu, na simu ukipokea unasema "niko lokesheni ntakucheki", hujawahi kunicheki hata siku moja. Basi acha na wengine wasome, mi naona poa tu.

Siku niliyokuona nilikuwa saluni pale Kabwe nasubiri zamu, umeme ulikuwa unakuja unakata kwahiyo TV hamna, jamaa mmoja kashika simu yake anacheka mpaka anajifuta machozi. Nikachungulia. Ni wewe kwenye skiti, kile kichekesho kifupi cha mtandaoni, unaigiza mama, umejifunga kitenge cha bi mkubwa wako (nakijua kile kitenge, cha tausi), mikungu miwili ya ndizi iko miguuni, unagombana na konda pale Nane Nane. Konda anasema mama lipia mzigo au washushe hao. We kimya. Unamwangalia, unaziangalia ndizi, unakaza kitenge, ndo unamjibu, "waambie wenyewe, mi nimeongea nao tangu Tukuyu hawasikii." Saluni nzima chini. Na mimi nilicheka, nisiwe muongo. Afu kinyozi akauliza, huyu si alikuwa anaimba zamani? Yule mwenye simu akamjibu, "anaimba? Huyu?"

Dah.

Miaka minne mwanangu. Ngoma 34 ziko kwenye hadidiski yangu, zilizotoka 9, zote tumezirekodi kwenye kile chumba cha Mafiati tulichoziba dirisha kwa godoro na trei za mayai, na bado ukianza kuchana lazima tusubiri malori ya Tunduma yapite maana mngurumo wa injini unaingia kwenye vesi. Zote hizo zimepigwa chini na dakika 1 na sekunde 40 za mama wa ndizi. Nilinuna wiki nzima, hata wateja waliniuliza kama nimefiwa.

Ila mi ni produza, kitu nakiangalia kwa masikio. Hasira zilivyopoa nikachomoa sauti ya ile skiti nikaiweka kwenye programu nikaipima, usinicheke, kila mtu ana ugonjwa wake. Ule ukimya wako kabla ya "waambie wenyewe" ni midundo minne kamili, kwenye kasi ya midundo 92 kwa dakika, ileile ya ngoma zako karibu zote. Hukuhesabu, najua, umekaa nayo mwilini. Na unakumbuka ugomvi wetu mkubwa studio ulikuwa nini? Ukimya! We unaacha shimo kabla ya korasi, mi nakwambia jaza hapo, weka "yeah", taja mtaa, weka hata kikohozi, redio hawataki kimya. Na ukishaondoka nlikuwa nalijaza mwenyewe. Yani miaka minne nimekaa nazibaziba mashimo ambayo ndo yalikuwa kipaji chako chenyewe. Hilo ndo limenifanya niandike, mengine yote yamefuata tu.

Wale wanaokukomentia "chagua moja" wapotezee. Wazee wetu hawakuwa na huo mgawanyo, ukienda kuviona vikundi vya sanaa kama Muungano au TOT ya marehemu Kapteni Komba, mtu wa huku huku kusini, kiingilio kimoja unapata ngoma, taarabu, igizo, kichekesho na sarakasi juu, na hakuna aliyeuliza hawa ni waimbaji au wachekeshaji. Pale chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo muziki na uigizaji vinafundishwa geti moja. TID alishacheza filamu tangu 2003 bongofleva ikiwa bado mbichi. Masanja yeye kapita njia hiyohiyo akitokea upande wa pili, katoka kwenye Ze Comedy kaingia kwenye injili. Huko Marekani Will Smith na DJ wake walichukua Grammy ya kwanza kabisa ya rap mwaka 1989, mwaka uliofuata tu jamaa yuko kwenye komedi ya TV, na kipindi hicho serikali inamdai kodi hatari. Kwahiyo na wewe kuhama ukiwa na madeni sio jambo jipya (nitalirudia hili la madeni).

Ila tamthilia ni mzigo mwingine, na hapa ntaongea usichopenda. Ile ya Dar uliyopewa shemeji wa marehemu, sini tatu, nimeangalia zote. Msibani pale ulikuwa bado unasubiri watu wacheke. Mwenzio analia, we unaacha ile midundo minne, afu unapandisha nyusi. Kwenye skiti uso unafanya kazi ya spika kwasababu simu iko mbali na mtu anaangalia kwenye daladala, lakini pale kamera imekusogelea mpaka vinyweleo vinaonekana, nyusi ikipanda ni kama umepiga yowe kanisani. Na kikombe cha chai mwanangu! Mara mkono wa kulia, wakikata wakirudi kiko kushoto. Wale wanashuti kitu kimoja mara tano, kwa mbali, kwa sura yako, kwa sura ya mwenzio, afu wanaunganisha, usiporudia vilevile aliyeko kwenye kuediti anakulaani. Lakini hilo we unaliweza, unakumbuka kudabo? Nlivyokuwa nakurudisha uimbe mstari uleule, pumzi palepale, ili sauti mbili zikae pamoja? Ndo hichohicho, sasa hivi unadabo mkono na kikombe. Jamie Foxx naye alianzia kwenye vichekesho vya TV, ila piano anapiga tangu mtoto, na Oscar yake ya 2005 kaipata akimwigiza Ray Charles, mwanamuziki. Sikio halikuachi ukihama.

Hela. Najua unaambiwa YouTube inalipa. Inalipa, ila kwa hela ya matangazo wanataka subskraiba 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12, au zile fupifupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Nimekupigia hesabu: skiti ya dakika 1 na sekunde 40 ukiipandisha kama video ya kawaida, ili ufikishe hayo masaa inabidi itazamwe mwanzo mpaka mwisho mara 144,000. Sasa jiulize kwanini wenzio wanatengeneza za dakika kumi. Na ile uliyoweka korasi yetu nyuma, ukaambiwa ina haki ya mtu ukanitumia emoji za hasira, ile ngoma ni yetu wenyewe! Tulimpa msambazaji aiweke mitandaoni, mfumo ukaitambua, ukadhani umeiiba. Waandikie hao wasambazaji waiweke chaneli yako kwenye orodha ya walioruhusiwa, imeisha hiyo.

Na matangazo usisaini ukiwa na njaa. Mzee Majuto alichekesha nchi nzima, sura yake ilitangaza kila kitu, na alivyougua 2018 ndo watu wakaanza kuuliza alikuwa analipwa nini mpaka Mwakyembe, wa hapo Kyela, waziri wa sanaa wakati huo, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Angalia mkataba unasema watatumia sura yako muda gani. Kama hawajaandika muda, wanaweza wakaitumia miaka na miaka.

La mwisho linaniuma kidogo. Mama wa ndizi anaongea Kiswahili chenye lafudhi ya Rungwe na hakuna Mnyakyusa aliyekasirika, kwasababu mama yule anamshinda konda, anawashinda na abiria, ndo mwenye akili kuliko gari zima. Ila yule Mhehe wako wa skiti ya tano kazi yake nini? Anaingia, anatajiwa mbwa, anatoka. Huo utani tumeusikia tangu shule ya msingi. Bi mkubwa wangu ni Mhehe wa Kilolo, unajua, umekula sana ugali wake, nilimwonesha akaangalia mpaka mwisho akasema tu, "kwani huyu si ndo alikuwa anamaliza mboga hapa?" Akarudi jikoni. Mpe yule Mhehe hata mstari mmoja wa kushinda basi. Bi mkubwa anao mia, njoo umsikilize akibishania bei ya viazi.

Sikuombi urudi kwenye muziki. Ila ipo ngoma ya 35, uliacha bila vesi ya pili. Juzi nimeifungua, nikaitoa ile "yeah" yangu niliyoichomeka pale kabla ya korasi, nikaliacha shimo wazi, midundo minne. Sikiliza kwanza, link nimekutumia WhatsApp, najua utaiona maana tiki za bluu hazijawahi kukushinda. Alhamisi sina mteja. Sa hivi nimehamia Uyole, njoo na sweta maana hii Juni baridi haina adabu, na njoo na ile 30,000 ya sesheni ya mwisho.