Nimetengua muungano, sasa kazi yangu haitaki kurudi

Kwako mhariri,

Pokea salamu kutoka Kisumu. Tuko waandishi wanne wa programu, na tunayoijenga ni ya akina mama wanaouza samaki ufuoni Dunga. Inaweka hesabu ya mauzo na kumtumia mnunuzi risiti kwa simu.

Wiki mbili zilizopita niliunganisha tawi langu la malipo (nakala ya kando ya programu ninayoifanyia kazi) na tawi kuu, ile nakala yetu ya pamoja. Saa sita haijafika, mama mmoja akanipigia: mzigo mmoja wa mbuta umetoa risiti mbili, na mnunuzi amegoma kulipa. Nikautengua muungano ule kwa `git revert -m 1`, amri ya Git, programu tunayotunzia historia ya mabadiliko, mambo yakatulia.

Nikarudi kwenye tawi langu, nikarekebisha faili moja, nikaunganisha tena. Git ikaonyesha mgongano (matawi mawili hayakubaliani) kwenye faili hilo tu, nikautatua. Kufungua folda ya malipo, nakuta faili lilo hilo peke yake. Mengine kumi na moja hayapo! Kazi ya wiki tano.

Baada ya kukesha nimeelewa kilichotokea. Kutengua kuliondoa mabadiliko, hakukufuta historia. Kwa Git, komiti zangu za kwanza, yaani mabadiliko niliyoyahifadhi kwenye historia, zilishaingia tawi kuu, kwa hiyo haina haja ya kuzileta tena.

Mkubwa wetu anataka historia iwe safi: turudishe tawi kuu nyuma kabla ya muungano wa kwanza, kisha tulisukume kwenye seva kwa `--force`, yaani lifute kwa nguvu historia iliyoko huko. Mimi naogopa. Mwenzetu aliye Nakuru alianzisha tawi lake juu ya historia hii hii, ana kazi ya siku kumi ambayo hajaituma. Siku atakapoiunganisha, si atarudisha komiti zote tulizofuta? Naona heri nitengue ule utenguzi, hata kama historia itasomeka vibaya. Njia nyingine ni kuziandika upya komiti za tawi langu pekee kwa `git rebase --no-ff`, zipate vitambulisho vipya na Git izione kama hazijawahi kuingia.

Kinachonitatiza ni ule muungano wa pili, ambao tayari umo. Niutengue kwanza, au nitengue utenguzi juu yake na kutatua mgongano utakaotokea? Na mkubwa nimweleze vipi, naye ameshaamua? Akina mama wameanza kuandika mauzo kwenye daftari.

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu