Barua ya wazi: Fyekeni nyasi za Zingaro kabla upepo haujageuka

Kwako Mheshimiwa, uliyekabidhiwa kinga ya moto katika milima ya pwani yetu,

YAH: NYASI KAVU JUU YA NJIA YA WAGENI, HIFADHI YA ZINGARO, KISIWA CHA SISILIA, ITALIA

Husika na mada tajwa hapo juu. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na wote wa nyumbani kwako.

Nimekuandikia mara tatu tangu mwezi wa tatu, kwa Kiitaliano, kwa barua za rejista. Risiti zote tatu ninazo. Jibu sina hata moja. Leo nakuandikia hadharani, na nimeanza kwa Kiswahili, lugha niliyozaliwa nayo Pangani, kwa sababu nikikuandikia kwa Kiitaliano huwa najikuta naomba radhi kila mstari wa pili, na sina kosa la kuombea radhi. Nakala ya Kiitaliano nitaileta kwa mkono wangu Jumatatu asubuhi. Hii waisome ndugu zangu, ambao kila mwaka huniuliza kwa nini nang'ang'ania kupanda na kushuka majabali ya watu badala ya kutafuta kazi ya kukaa kivulini.

Nikueleze kilichotokea Jumanne iliyopita. Nilikuwa na wageni kumi na mmoja. Tuliingia hifadhini saa mbili asubuhi kwa upande wa kijiji cha Scopello, tukashuka kuoga kwenye kihori cha Cala Capreria, tukaendelea polepole. Tulipokaribia pango la Uzzo, mtoto wa miaka tisa alinivuta mkoba akaniambia ananusa mkate unaungua. Nikainua macho. Juu kwenye mgongo wa mlima palikuwa na uzi wa moshi mweupe, mwembamba, umesimama wima.

Niliwageuza wote, nikawashusha kihori cha Tonnarella dell'Uzzo, nikawaambia wavue viatu na waingie majini hadi magotini. Mama mmoja alicheka, akidhani ni mchezo wa watalii. Nikapiga namba ya dharura, na walionipokea walinipokea haraka, Mungu awabariki. Kisha nikapiga namba ile uliyotupa wewe mwenyewe, ile uliyosema itakuwa na mtu saa zote, mchana na usiku. Niliipiga mara kumi na nne. Iliita mpaka ikakata, kila mara.

Moto ule uliwashwa na mtu aliyekuwa akichoma mabua upande wa pili wa mlima. Wazee wawili wa shamba la jirani waliupiga kwa magunia yaliyoloweshwa, na kufika adhuhuri ulikuwa umekufa. Palipoungua hapazidi uwanja wa mpira. Hakukuwa na upepo, Mheshimiwa. Nakuomba uisome sentensi hiyo mara mbili. Hakukuwa na upepo.

Mwezi wa Februari ulisimama mbele yetu ukumbini, sisi waongoza wageni, wakulima na wenye vyumba vya kulala wageni. Ulituahidi mambo matatu, nami niliyaandika kwenye daftari hili hili ninaloandikia sasa. Kwamba njia ya kuzuia moto kule juu itafyekwa kabla ya Mei kwisha. Kwamba kuanzia tarehe 1 Juni kutakuwa na mlinzi wa zamu mgongoni mwa mlima. Na hiyo simu. Leo ni tarehe 19 Juni. Juzi nilipanda mwenyewe hadi kwenye njia ya kuzuia moto nikiwa na fimbo yangu ya kutembelea yenye alama za sentimita. Nyasi za disa, ambazo hata mbichi huwaka kama karatasi, zimenifika kiunoni. Mlinzi sikumwona. Nilikuta kiti cha plastiki kimepinduka na chupa tupu ya maji, na jua lilikuwa limeshaipausha chupa ile.

Najua kuna watakaosema mgeni huyu anatufundisha nini kuhusu pwani yetu. Basi niseme nilivyoijua.

Nilikuja hapa mwaka 2005. Jirani yetu wa kwanza alikuwa mzee tuliyemwita zu, heshima ya Kisisilia kwa mwanamume mtu mzima, kama sisi tunavyosema ami. Alikuwa anasuka vikapu kwa majani ya mtende mfupi uliojaa Zingaro yote, wenyewe wanauita giummara. Hukata majani machanga, huyaanika, huyachana nyuzi nyuzi, husuka utepe mrefu, kisha huushona utepe juu ya utepe. Mheshimiwa, huo ni ukili. Ni ukili ule ule aliosuka bibi yangu barazani Pangani kwa miyaa, akiwa na mkeka nusu miguuni. Sikusema kitu. Nilichukua nyuzi pembeni yake nikaanza. Zu alitazama vidole vyangu kwa muda, akanyamaza, halafu akamwita mkewe aje aone. Tangu siku ile sikuwa mgeni tena katika nyumba ile. Mwaka mwingine aliniletea zabibu za kutengenezea mvinyo, akaniambia zinaitwa zibibbo, nikacheka mpaka nikakaa chini. Waarabu walipita kwao, walipita kwetu, wakaacha neno lile lile.

Ni zu huyo aliyenipeleka Zingaro mara ya kwanza. Alinisimamisha kwenye handaki la kuingilia upande wa Scopello, akaweka kiganja ukutani. Handaki lile, unajua vizuri kuliko mimi, ni kipande cha barabara. Miaka ya 1970 ilikusudiwa ipite barabara ya magari kutoka Scopello hadi San Vito Lo Capo, juu ya vihori vyote, na nyuma ya barabara zingefuata nyumba za kifahari kama zilivyofuata kwingine. Tarehe 18 Mei 1980 watu kwa maelfu waliingia kwa miguu, wakatembea mahali ambapo lami ingepita. Zu alikuwamo, akiwa amembeba bintiye mabegani na mkate kwenye shati. Mwaka uliofuata, 1981, Zingaro ikawa hifadhi ya kwanza ya asili katika Sisilia nzima. Kilomita saba hivi za pwani bila gari hata moja, kwa sababu watu walitembea. Kila kundi ninaloliongoza nalisimamisha pale pale, nami naweka kiganja ukutani pale alipoweka yeye. Zu alifariki majira ya baridi mawili yaliyopita.

Humo ndani kuna pango la Uzzo, ambamo watu waliishi karibu miaka elfu kumi iliyopita, wakila samaki na konokono wa baharini. Kuna kozi na kuna tai wa Bonelli. Kuna nungunungu, ambao wageni hawawaoni, ila mimi huokota miiba yao njiani nikawapa watoto. Kuna aina za mimea zaidi ya mia sita. Ningeweza kukuandikia barua nyingine nzima juu ya rangi ya maji ya Cala Berretta saa nne asubuhi, pale jua linapoukata ukuta wa jabali na chini ya maji unaona kila jiwe na kivuli chake. Sijaichoka. Nimepita pale mara nyingi kuliko nilivyopita mlangoni kwa mama yangu, na hilo linaniuma, lakini ndiyo kweli.

Sasa nikukumbushe Jumamosi ya tarehe 29 Agosti 2020. Hapo nyuma hifadhi ilikuwa imeshaungua mwaka 2012, na tukaambiwa yamekwisha. Safari hii moto ulianza jioni, na scirocco ilikuwa inavuma, upepo ule wa joto unaotoka Afrika na kukausha hata mate mdomoni. Ndege za Canadair, zile zinazomwagia moto maji, hazizimi moto usiku. Kwa hiyo tulikaa Castellammare del Golfo usiku kucha tukitazama mstari mwekundu ukitembea juu ya bahari. Moto hauna msalie mtume. Kulipokucha ndege zikaanza kuteka maji baharini, lakini sehemu kubwa ya hifadhi ilikuwa imeshakwenda.

Waliporuhusu watu kuingia, niliingia. Majivu yalinifika kwenye vifundo vya miguu. Nyenje, ambao mwezi wa nane huimba mpaka unashindwa kusikia simu ikiita, walikuwa kimya. Nilikuta miiba ya nungunungu imejikunja kama nywele zilizoungua, na sikutafuta zaidi ya hapo. Nikakaa kwenye jiwe nikalia, na sioni haya kusema.

Baada ya wiki kadhaa nilirudi. Kwenye kisiki cheusi cha giummara palikuwa na jani jipya. Lilikuwa bado limekunjwa kama upepeo uliofungwa, kijani kibichi, na ncha yake ilikuwa na majivu. Mtende ule huchipua kutoka kwenye shina lake baada ya moto, ndivyo ulivyoumbwa. Lakini hata wenyewe una kikomo, Mheshimiwa. Ukiuchoma, ukauchoma tena kabla haujapumua, shina nalo huchoka. Na udongo wa mlima ule, mvua ya vuli ikiukuta hauna mizizi, hushuka wote baharini.

Mwaka ule nilikuwa nimeshapoteza wageni wa masika kwa sababu ya korona. Moto ukamaliza waliobaki. Niliuza gari. Majira ya baridi nikasafisha vyumba vya hoteli, na goti langu la kushoto halijarudi kuwa goti tangu hapo. Binti yangu anasoma Palermo, na kodi ya chumba chake haingojei. Jumanne hii niliwarudishia wageni kumi na mmoja fedha zao, na fedha zile zilikuwa za umeme. Sikuandikii unionee huruma. Nakuandikia kwa sababu kwenye mkutano ulisema hasara ya moto ni hekta, na ukataja hekta tu. Sisi pia tumo katika hasara hiyo.

Kwa nini nyasi hazifyekwi? Mimi naona hivi. Vibarua wa misitu hapa huajiriwa kwa siku zilizohesabiwa kwa mwaka, wengine 78, wengine 101, wengine 151. Saini ya kuwaita kazini ikichelewa ofisini, wanapanda mlimani wakati nyasi zimeshakauka, na hapo hata cheche ya mashine ya kufyekea ni hatari. Nahisi mwaka huu ndivyo ilivyokuwa. Vibarua wenyewe nawajua, nakunywa nao kahawa, wamekaa wanangoja kuitwa. Kuna wanaosema moto huwashwa na wafugaji wanaotaka majani machanga. Lakini sheria namba 353 ya mwaka 2000 inakataza kuchunga miaka kumi palipoungua, na inakataza kubadili matumizi ya ardhi kwa miaka kumi na mitano. Sheria ipo, tena nzuri. Mwasha moto tumtafute, akamatwe. Ila hata yeye anahitaji nyasi za kuwasha, na nyasi hizo ziko chini ya mamlaka yako. Tarehe 11 Agosti 2021, karibu na Siracusa, kisiwa hiki hiki, joto lilifika nyuzi 48.8, ambalo ni kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa Ulaya. Huwezi kutuambia hukujua kiangazi kitakuja.

Nilianza barua hii nikiwa na madai sita. Nimeyafuta moja moja. Mlinzi mgongoni mwa mlima, nimefuta. Ile simu, nimefuta, nitaendelea kupiga ya dharura. Choo cha lango la San Vito tulichoahidiwa, vibao vipya, mkutano mwingine, vyote nimefuta. Nimebaki na moja tu: fyekeni nyasi. Njia ya kuzuia moto, kuanzia juu ya lango la Scopello hadi juu ya Uzzo. Fyekeni alfajiri wakati kuna umande, fyekeni kwa fyekeo za mkono kama mashine zinaogopwa, lakini fyekeni. Scirocco haitangoja risiti ya nne.

Na kama watu hakuna, waongoza wageni tisa tuko tayari. Watoto wawili wa marehemu zu wanajua kila kona ya mlima ule, na wana punda wa kupandisha maji. Hatutaki malipo. Tunachokosa ni ruhusa, maana ndani ya hifadhi hatuna haki ya kukata hata unyasi mmoja bila wewe, na ni vizuri iwe hivyo. Ombi la kibali tulilileta mwezi wa nne. Nakala yake nitakuja nayo Jumatatu. Ina kurasa mbili, na mahali pa saini yako nimepazungushia wino mwekundu.

Wako kwa heshima,

Mwongoza wageni,
Castellammare del Golfo