Mgonjwa wa kibofu akutanishwe na aliyemtangulia

Mhariri,

Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitafanyiwa upasuaji wa kutolewa kibofu cha mkojo. Saratani imeshaingia kwenye msuli wa kibofu, na daktari amesema kuikwangua tu hakutatosha. Watakata kipande cha utumbo mwembamba wakifanye njia ya mkojo, utokee tumboni na kuingia kwenye mfuko nitakaoubandika usiku na mchana, maisha yangu yote.

Ugonjwa nilielezwa vizuri. Kuhusu mfuko nilipewa karatasi. Nilirudi nyumbani Manyatta nikakosa usingizi. Ukivuja nikiwa msikitini? Mke wangu nitalala naye vipi? Maswali haya humuulizi daktari ambaye foleni yake imefika langoni.

Aliyenituliza ni mzee mmoja anayeishi na mfuko huo. Muuguzi mmoja, kwa wema wake tu, alimwomba ruhusa akanipa nambari yake. Alikuja kibandani kwangu Kibuye ninakoshona, tukashusha pazia, akainua shati. Nikaona kinundu chekundu, ndio mdomo wa utumbo unaotoa mkojo, akakigusa kwa kidole wala hakisikii maumivu. Mfuko huumwaga kabla haujafika nusu, kwa kufungua kizibo cha chini. Usiku huuunganisha na mfuko mkubwa, akalala hadi alfajiri. Na swala? Shehe alimwambia hukumu yake ni ya mtu asiyeweza kuzuia mkojo: wakati wa swala ukiingia atawadhe, aswali.

Ni yeye pia aliyenihimiza nitiwe alama tumboni, pale mkojo utakapotokea, kabla ya siku ya upasuaji. Muuguzi alinikalisha, akanisimamisha, akaniinamisha, kisha akachora kwa kalamu kama nichoravyo kitambaa kwa chaki. Tulihakikisha mkanda wa suruali hautapita hapo.

Naziomba hospitali zetu, Kisumu, Kakamega hata Nakuru, ziweke daftari la waliokwisha kupasuliwa walio radhi kuongea na wagonjwa wapya. Wanawake wakutanishwe na wanawake wenzao. Gharama yake ni simu na nauli.

Na wewe unayesoma, ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, nenda hospitali, usiishie duka la dawa.

Nambari yangu nimeshamwachia muuguzi. Nikipata nafuu, atakayenihitaji anipigie, hata usiku.

Fundi cherehani,
Kibuye, Kisumu