Salamu za Pasaka 2026: Pasaka si mali ya Wazungu

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu wapendwa, akina baba, akina mama, vijana na watoto, mlioko parokiani, vigangoni na ughaibuni, tunawatakia Pasaka njema. Mwaka huu Dominika ya Ufufuko ni tarehe 5 Aprili, na Mkesha ni usiku wa Jumamosi tarehe 4. Tumezituma salamu hizi mapema, ndani ya Juma Kuu, ziwakute bado mna nafasi ya kujiandaa.

Kila mwaka msimu huu kuna neno linalorudi, hasa kwa vijana: kwamba Pasaka ni mambo ya Wazungu, yaliletwa na meli. Kuna wanaolisema kwa uchungu. Kuna pia wanaolisema kwa kujivunia, wakidhani kuwa Mkatoliki ni kupanda daraja kuelekea Ulaya. Wote wamepotoka mahali pamoja. Pasaka haikuzaliwa Magharibi. Magharibi iliikuta, ikajengwa juu yake, ikastawi ilipoitii na ikaoza ilipoidharau. Na kipimo kilichoihukumu Ulaya ndicho kinachotupima sisi.

Anzeni na tarehe. Karne ya 2 Wakristo walikuwa hawajaelewana: baadhi ya Makanisa ya Asia Ndogo yaliadhimisha siku ya 14 ya mwezi wa Kiyahudi wa Nisani, iangukie siku yoyote ya juma, na wengine walishika Jumapili. Aliyesimama kidete upande wa Jumapili ni Papa Viktori wa Kwanza, ambaye mapokeo ya Roma yanamtaja kuwa Mwafrika. Alikaza kamba hadi akataka kuwatenga waliokataa, ikabidi Mtakatifu Ireneo wa Lyon amwandikie kumsihi asivunje amani ya Kanisa. Baada ya Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, mkutano mkuu wa maaskofu, waliotegemewa sana kwa hesabu walikuwa wataalamu wa Aleksandria, Misri, na askofu wa mji huo alituma barua kila mwaka kutangaza Kwaresima na Pasaka. Katika barua ya namna hiyo ya mwaka 367, Mtakatifu Athanasi aliorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya. Hiyo ndiyo orodha ya zamani kuliko zote tulizo nazo inayolingana kabisa na ya Biblia zetu, nayo ilikuja ndani ya salamu za Pasaka zilizoandikwa Afrika.

Kanuni iliyobaki hadi leo ni hii: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Mwaka huu mwezi mpevu ni Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili, basi Jumapili inayofuata ndiyo Pasaka. Ukiijua kanuni hiyo huhitaji kuuliza mtu kwa nini sikukuu inahamahama kati ya 22 Machi na 25 Aprili.

Kanuni hiyohiyo iliilazimisha Ulaya kulichunguza jua kwa makini. Kalenda ya Juliasi Kaisari ilihesabu mwaka kuwa siku 365 na saa 6, na hapo ilizidisha kama dakika 11. Dakika 11 ni kidogo, lakini kila miaka 128 hivi zinafika siku nzima. Kufikia karne ya 16, siku ambayo usiku na mchana hulingana ilikuwa imerudi nyuma hadi 11 Machi, na Pasaka ikawa inahesabiwa kwa jua lisilokuwapo. Papa Gregori wa 13 akarekebisha mwaka 1582: Alhamisi tarehe 4 Oktoba ikafuatwa na Ijumaa tarehe 15 Oktoba, na miaka ya mamia isiyogawanyika kwa 400 ikaondolewa katika miaka mirefu, yaani yenye siku 366. Mtakatifu Teresia wa Avila alifariki usiku uleule wa kuruka tarehe, ndiyo maana tunamkumbuka 15 Oktoba. Uingereza ilikataa kwa chuki ya kidini, ikakubali mwaka 1752. Kule Bologna, ndani ya kanisa la San Petronio, mwanaastronomia Cassini alichora mwaka 1655 mstari wa jua wenye urefu wa karibu mita 67 sakafuni, nuru ikiingia kwa tundu la darini, ili kulipima jua. Kalenda iliyoko kwenye simu yako ilitengenezwa ili Pasaka isikosewe.

Lakini sayansi siyo tunayojivunia zaidi. Mwaka 390 Kaisari Theodosi wa Roma aliamuru kisasi kule Thesalonike, na watu wengi wakauawa bila hukumu. Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano, alimwandikia kwamba hawezi kuadhimisha Misa mbele yake asipotubu. Kaisari alifanya kitubio hadharani ndipo akapokelewa tena kwenye Ekaristi. Mtawala mwenye jeshi alikubali kwamba iko sheria ya maadili iliyo juu yake, na hakuna jambo Kanisa liliifundisha Ulaya lililo zito kuliko hilo. Ambrosi huyohuyo ndiye aliyembatiza Augustino katika Mkesha wa Pasaka wa mwaka 387. Augustino alikuwa mzaliwa wa Tagaste, leo ni Aljeria.

Sasa tuseme na upande wa aibu, maana ukweli hauna budi kusemwa. Usiku wa Mkesha yapo masomo tisa, saba ya Agano la Kale na mawili ya Agano Jipya. Paroko anaweza kuyapunguza kwa sababu za kichungaji, lakini Kutoka sura ya 14 haiachwi kamwe. Ni habari ya watumwa wanaovuka bahari na Farao anayebaki majini. Katika karne ya 4 Mtakatifu Gregori wa Nisa aliielewa barabara: alihubiri kwamba hakuna awezaye kumnunua mtu, kwa sababu sura ya Mungu haina bei. Karne zilipita, na mwaka 1452 Papa Nikolasi wa Tano akampa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia utumwani wasio Wakristo. Watu waliosikia habari ya Farao kila mwaka walipanda merikebu za watumwa. Papa Paulo wa Tatu aliwatetea wenyeji wa Amerika mwaka 1537, Papa Gregori wa 16 akalaani biashara ya watumwa mwaka 1839, na mwaka 2023 Vatikani ikazikana wazi fikra zilizojengwa juu ya hati kama zile za karne ya 15. Kwetu, Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, palepale ilipoishia njia ya misafara kutoka Tabora na Ujiji, wakajenga kijiji cha waliokombolewa utumwani. Kijana anayeuliza kuhusu utumwa aelezwe yote mawili. Injili iliwahukumu waliobatizwa kabla sisi hatujawahukumu.

Basi usiku huo unastahili kufanywa vizuri. Kwa karne nyingi Ulaya yenyewe iliuharibu: Mkesha ulisogezwa hadi Jumamosi asubuhi, mashemasi wakaimba sifa za usiku jua likiwaka madirishani. Papa Pio wa 12 aliurudisha usiku, kwa majaribio mwaka 1951 na rasmi kuanzia 1956. Sisi tunaukosea kwa njia nyingine: tunaanza saa 12 jioni kwa sababu ya daladala. Dar es Salaam wakati huu jua huzama kama saa 12 na nusu, na Mwanza huchelewa kwa dakika ishirini na kitu. Kabla ya saa 1 na robo giza halijatimia, na moto mpya mbele ya watu wanaoonana nyuso hauwaambii kitu. Anzeni saa 2, mpange usafiri wa kurudi kwa jumuiya.

Masika ndiyo adui mwingine. Kuni ziwekwe ndani tangu Alhamisi, moto uwashwe kwenye karai la chuma lenye miguu karibu na paa la ukumbi, na petroli isikaribie kabisa. Vijiti vya mbao kavu na kipande cha ubani vinatosha. Makaa ya chetezo yachukuliwe kwenye moto huo.

Mshumaa wa Pasaka uwe wa nta kweli, mpya kila mwaka, na uwe mmoja tu. Bomba la plastiki lenye mafuta ndani halikubaliki, maana Mbiu ya Pasaka, ule wimbo wa sifa unaoimbwa mbele yake, inautaja mshumaa kuwa kazi ya nyuki, na nchi yenye asali ya Tabora haina sababu ya kumdanganya Mungu. Padre anachora msalaba, Alfa juu, Omega chini, na tarakimu 2, 0, 2, 6 katika pembe nne. Chembe tano za ubani ndizo zinazosumbua. Zikisukumwa kwenye nta baridi, nta inapasuka na chembe zinadondoka wakati wa maandamano. Mchana pasha msumari moto, toboa matundu matano mapema, usiku ziingie bila nguvu. Punguza utambi ubaki kama sentimita moja ili usitoe moshi.

Taa zote zizimwe, na mtu mmoja ajulikane kwa jina kuwa ndiye mwenye swichi kuu; spika zibaki na umeme wake. Waamini huwasha mishumaa yao baada ya «Mwanga wa Kristo» ya pili kati ya tatu zinazoimbwa katika maandamano. Wafundisheni hivi: unainamisha mshumaa usiowaka kuelekea unaowaka, ule unaowaka unabaki wima, hapo nta haimwagiki kwenye kitenge cha mama wa mbele. Baada ya ya tatu taa za kanisa zinawashwa, ila mishumaa ya altare inasubiri wimbo wa Utukufu, pamoja na kengele.

Nyumbani, Farao anaweza kuwa na sura ya kawaida sana. Dada wa kazi anayepika pilau la watu ishirini tangu alfajiri na hapati Misa, mshahara wake wa Machi ukiwa bado haujalipwa, bado anaishi upande wa Misri wa bahari ile. Mlipeni kabla ya Ijumaa Kuu, na pangeni zamu ya jikoni ili yeye aende Mkesha. Aliyehudhuria Mkesha ametimiza Dominika. Ijumaa Kuu mfungo unawahusu walio na miaka 18 hadi 59: mlo kamili mmoja na midogo miwili. Aliyekaa muda mrefu bila kitubio asiogope foleni, aende Jumatatu au Jumanne ya Juma Kuu mapadre wakiwa bado na nafasi.

Pasaka ina siku 50, hadi Pentekoste tarehe 24 Mei. Muda wote huo Mshumaa unakaa karibu na mimbari au altare, kisha unahamia kwenye kisima cha ubatizo, na huwashwa tena mtoto anapobatizwa na jeneza linapoingia kanisani. Wabatizwa wapya wa usiku ule msiwaache. Jumuiya iwatembelee ndani ya juma la kwanza.

Kristo amefufuka, amefufuka kweli, aleluya! Heri ya Pasaka kwenu nyote, na kwa jirani zetu Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na kwingineko, watakaoiadhimisha tarehe 12 Aprili kwa hesabu ya kalenda ya zamani.