Mashairi yangu mmeyageuza insha: barua ya malalamiko

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KUHARIBIWA KWA MASHAIRI YANGU BAADA YA KUHAMISHIWA KWENYE MFUMO WENU MPYA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wa ile huduma ya blogu ambayo kampuni yenu iliinunua na kuiunganisha na yenu. Blogu yangu niliifungua 2002 na haina kitu ndani yake zaidi ya mashairi na maoni ya waliokuwa wakiyasoma. Mlipomaliza kuihamisha mlinitumia ujumbe wa pongezi kwamba maudhui yangu yote yamefika salama. Nimeingia kuyatazama. Hayakufika salama, na majibu ya dawati lenu la msaada mpaka sasa hayajagusa ninacholalamikia. Kwa hiyo naandika kwa kirefu, ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

Nianze na mfano, maana bila mfano mtaniambia tena nifute kumbukumbu za kivinjari. Huu ni ubeti mmoja wa shairi langu, kama ulivyosomeka miaka yote:

Usiku umeingia, nyota juu zinang’ara,
Moyo wangu watulia, hauna tena papara,
Ng’ambo ninaangalia, mashua yaja imara,
Ng’oa nanga, njoo pia, usiogope hasara.

Na hivi ndivyo unavyosomeka leo kwenye mfumo wenu:

Usiku umeingia, nyota juu zinangâ€™ara, Moyo wangu watulia, hauna tena papara, Ngâ€™ambo ninaangalia, mashua yaja imara, Ngâ€™oa nanga, njoo pia, usiogope hasara.

Kisha beti zinazofuata zimeunganishwa na huo bila hata nafasi ya kupumua, shairi zima limekuwa aya moja kama taarifa ya mkutano. Mhudumu wenu aliniandikia kwamba amehakiki na “maneno yote yapo”. Ni kweli yapo. Fundi uliyemkabidhi kitanda akakurudishia mbao na misumari yake yote kwenye gunia, naye pia anaweza kuapa kwamba hakuna kilichopotea.

Pengine huko kwenu hakuna anayeandika mashairi, basi nieleze kidogo. Hiyo ni tarbia, yaani shairi la mishororo minne kwa kila ubeti. Kila mshororo una mizani 16, yaani silabi, nane kwenye ukwapi ambao ni nusu ya kwanza na nane kwenye utao ambao ni nusu ya pili, na kila kipande kinafungwa kwa kina chake. Msomaji huviona vina kwa jicho kabla hajavisikia, kwa sababu vimepangwa safu moja kwenda chini. Mstari unapokatwa na upana wa skrini badala ya kukatwa na mtunzi, vina vinazama katikati ya sentensi na mizani haihesabiki. Aliyezoea atalipapasa mpaka alipate shairi. Mgeni atadhani ni mtu anayeandika vibaya.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kupanga mistari hiyo kulikuwa kazi. Nyinyi leo mna kitufe cha kila kitu. Tulioanza miaka ile tulikuta neno “blogu” lenyewe bado ni changa: mwanablogu Jorn Barger alianza kuziita kurasa za namna hii “weblog” mwishoni mwa 1997, mwenzake Peter Merholz akalifupisha kwa mzaha kuwa “blog” 1999, na mwaka huohuo zikatoka huduma kama Blogger na LiveJournal ambazo ndizo zilizomwezesha mtu asiye fundi wa kompyuta kuchapisha. WordPress ilikuwa haijazaliwa, ilikuja 2003. Ukitaka ukurasa wako ufanane na ulichokuwa nacho kichwani, ulifungua kiolezo ukaanza kuhangaika na msimbo wa HTML, lugha ya kupangia kurasa za mtandao, na ukifuta alama moja tu kwa bahati mbaya, ukurasa mzima unalala upande.

Na HTML haikuumbwa kwa ajili ya washairi. Kivinjari kikikutana na nafasi kumi mfululizo kinaonyesha moja. Kikikutana na mstari mpya uliobonyeza kwenye kibodi, huo nao kinauhesabu kuwa nafasi moja. Ndiyo maana tulikuwa tunaweka alama ya kukata mstari mwisho wa kila mshororo, na wengine, mimi nikiwemo, tukaazima majedwali yaliyokusudiwa takwimu ili ukwapi ukae kushoto kwake na utao kulia kwake. Mashairi hayo ya majedwali ndiyo mliyoyaumiza kuliko yote. Mfumo wenu umeyafuta majedwali, ukachukua safu ya kwanza yote kisha ya pili yote. Sasa zinatangulia kwapi nne mfululizo, halafu tao nne mfululizo. Nina shairi la maombolezo ambalo kwa mpangilio huo mpya linachekesha, na aliyeliliwa hakustahili kuchekwa.

Sina uhakika kama mtu wenu wa ufundi ameshalitazama jambo hili, kwa hiyo nimefanya kazi yake kadiri ya uwezo wangu. Nilifungua chanzo cha ukurasa. Humo ndani mishororo ya yale mashairi ya kawaida bado imeachana vizuri, kila mmoja na mstari wake. Maana yake ni kwamba mistari haikupotea kwenye hifadhidata. Mfumo wa zamani ulikuwa na mpangilio wa kugeuza kila mstari mpya kuwa alama ya kukata mstari wakati wa kuchapisha. Mfumo wenu haufanyi hivyo kwa machapisho ya zamani, basi kivinjari kinaiona kama nafasi tupu. Jambo la kurekebishwa mara moja kwa wateja wote, mhudumu wenu ameniambia nilifanye kwa mkono, shairi moja moja, “kwa muda wangu”. Muda wangu ndio uliotumika kuyaandika.

Vivyo hivyo na zile takataka zilizoingia kwenye ng’. Kile kikoma cha juu kilichopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu katika UTF-8, ambao ni usimbaji, yaani utaratibu wa kompyuta wa kuhifadhi herufi kwa namba. Mfumo wenu umezisoma baiti hizo kwa usimbaji wa zamani wa Windows, kila baiti ikawa herufi yake, ndipo tukapata â€™ mahali pa alama moja. Ushahidi ni kwamba mashairi yangu ya mwanzo yamepona. Hayo niliyaandika kwenye Notepad, programu sahili ya maandishi matupu, nikiwa nje ya mtandao, kwa sababu intaneti ilipita kwenye laini ya simu na mtu wa nyumbani akiinua mkonga wa simu, mtandao unakatika. Na Notepad inaweka kikoma kilichonyooka, ambacho ni baiti ileile moja katika usimbaji wote huo miwili. Baadaye nilipohamia kwenye programu ya kuandikia nyaraka, ikawa inapindisha vikoma yenyewe. Basi kila ng’ombe, ng’ambo na kung’ara kuanzia hapo kumechafuka. Kosa la aina hii linarudishwa nyuma kwa programu ndogo tu, mradi hakuna aliyeanza kulifuta kwa mkono na kuacha nusu hivi, nusu vile. Ndiyo sababu sijagusa kitu, na naomba nanyi msiguse kabla hamjaniambia mnachofanya.

Sasa tarehe. Kila shairi kwenye blogu yangu sasa linaonyesha limechapishwa siku mliyolihamisha. Huenda kwenu tarehe ni pambo la pembeni. Kwetu ndiyo iliyokuwa hati miliki ya maskini: shairi likichapishwa leo, kesho unalikuta kwenye ukurasa wa mtu mwingine bila jina lako, na kitu pekee cha kuonyesha ni kwamba lako lilitangulia. Yapo mashairi yangu yaliyonakiliwa hivyo zamani. Nakala hizo bado zina tarehe zake, zangu zimekuwa za juzi. Kwa hesabu ya mashine za kutafuta, na ya msomaji yeyote asiyenifahamu, mwizi ni mimi. Hili nalihesabu kuwa kubwa kuliko mistari na vikoma vyote, na ni lile ambalo dawati lenu halijalijibu hata kwa neno moja.

Tarehe zimevuruga pia malumbano. Miaka ile uwanja wa maoni haukuwa wa “hongera” na “kazi nzuri” tu. Mtu anakutupia swali kwa beti mbili, unamjibu kwa bahari ileile, yaani aina ileile ya shairi, na vina vilevile, wa tatu anaingia kuwaamua, na yote yanakaa chini ya shairi lililoyaanzisha. Mimi binafsi naona maoni hayo yana ushairi bora kuliko mashairi yangu yaliyo juu yake. Sasa yote yana tarehe moja na saa moja, yamepangwa kinyumenyume, jibu linatangulia swali, na majina ya kishairi ya wachangiaji yamefutwa, kila mmoja ameitwa “Mtumiaji”. Baadhi yao hawapo tena duniani. Siwezi kuwaomba waje wajiandikishe upya.

Kuhusu anwani nitasema kwa ufupi. Kila shairi lilikuwa na kiungo chake cha kudumu, na mmevibadilisha vyote. Walioniunganisha kutoka kwenye kurasa zao wanaangukia kosa la 404, la ukurasa usiopatikana. Upo msimbo wa 301, unaomweleza kivinjari kwamba ukurasa umehamia anwani fulani, na wahudumu wa seva wanaujua. Na hayo matangazo ya mikopo mliyoyapachika baina ya ubeti na ubeti, wakati mimi nalipia huduma, naomba yaondolewe leo; hilo halihitaji uchunguzi.

Sisemi kampuni haziruhusiwi kufunga au kubadilisha huduma. Yahoo ilitangaza Aprili 2009 kwamba itaifunga GeoCities, huduma yake ya kurasa za watu binafsi, ikaifunga Oktoba, na katika miezi ile wenye kurasa na wahifadhi wa kujitolea walipata nafasi ya kunakili walichoweza. Sisi tulipewa ujumbe baada ya kazi kuisha. Faili la kupakua mnalotoa nalo limetengenezwa kutoka mfumo mpya, lina makosa yaleyale, kwa hiyo kuniambia “unaweza kuchukua maudhui yako uondoke” ni kuniambia niondoke na magofu.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza, msifute nakala rudufu ya mfumo wa zamani, na mnithibitishie kwa maandishi kwamba bado ipo. Kutoka humo nipewe mashairi na maoni yangu kama yalivyokuwa, pamoja na tarehe zake na majina ya waliochangia. Kisha mrudishe ukataji wa mistari kwa machapisho ya zamani, msome upya maandishi kwa usimbaji sahihi, mrejeshe tarehe, na anwani za zamani zielekezwe kwenye mpya. Ada niliyolipa kwa kipindi ambacho blogu imekuwa katika hali hii irudishwe.

Naambatanisha picha za skrini za kurasa zilizoharibika, pamoja na nakala za baadhi ya kurasa hizohizo kama zilivyonaswa zamani na Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, zikiwa na mistari yake na tarehe zake. Mkizilinganisha hamtakuwa na haja ya kuniuliza tofauti iko wapi.

Naomba nijibiwe ndani ya siku 14, na anijibu mtu wa ufundi aliyeifungua blogu yenyewe na kuisoma. Nikipata tena ule ujumbe unaojituma wenyewe, nitalipeleka suala hili kwenye mamlaka inayowalinda watumiaji wa huduma, nikiwa na viambatanisho hivihivi.

Wenu,

Mwenye blogu, mteja wa tangu 2002