Tusome nyuma ya kopo kabla ya kununua dawa za kumbukumbu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie virutubisho vinavyouzwa kwa ahadi ya kuimarisha kumbukumbu na umakini. Mnunuzi na aanzie nyuma ya kopo, si mbele: palipoandikwa "mchanganyiko maalumu" pasipo kutajwa miligramu za kila kiambato, hawezi kujua anameza nini, na mimi kopo la namna hiyo hulirudisha rafuni. Ginkgo, dawa itokanayo na majani ya mti wa jina hilo na ambayo husifiwa mno, ilijaribiwa nchini Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 75 na kuendelea, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa haikuwakinga na maradhi ya usahaulifu wa uzeeni; tena huweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu kwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. Vitamini B12 ni suala jingine, kwani upungufu wake huvuruga kumbukumbu kweli, na wanaotumia metformin, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu wamo hatarini. Lakini upungufu huo hupimwa hospitalini, haukisiwi dukani, na kwa mwenye kiwango cha kutosha hakuna ushahidi thabiti kwamba kumwongezea vidonge kutamnoa akili.

Msomaji wako