Ndege ikichelewa, tuelezwe haki zetu

Mhariri,

Nairobi hadi Entebbe ni mwendo wa kama saa moja tu angani. Juzi tulikaa uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, tangu alasiri hadi usiku wa manane, kina mama wamelaza watoto sakafuni juu ya leso, mhudumu akirudia, "Subirini." Hata maji hatukupewa!

Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Uganda zimeuridhia, unasema katika kifungu cha 19 kwamba shirika la ndege hulipia hasara iliyosababishwa na kuchelewa, isipokuwa lithibitishe lilichukua kila hatua ifaayo kuizuia. Abiria ana miaka miwili ya kwenda mahakamani. Wenzangu, tunzeni risiti za chakula na teksi. Serikali nayo iyalazimishe mashirika kubandika maelezo haya, kwa Kiswahili, kwenye kila kaunta.

Mfanyabiashara wa vitenge,
Eastleigh, Nairobi